MAMA, ELIMU HAISIMAMI MAHALI PAMOJA

Mazungumzo kwa wamama wanaokuja kupima mimba na kupima watoto, Kasongo na Kabambare

Kaeni vizuri. Anayenyonyesha anyonyeshe, na mtoto akilia msione haya, tutangojana. Maneno haya nayasema siku za kupima, na sasa yameandikwa ili kila mtu aende nayo nyumbani. Kama wewe hukusoma, mpe mtoto wako wa shule akusomee kwa sauti wakati wa jioni, na baba watoto asikie naye.

Leo sitafundisha ugonjwa mmoja tu. Nataka tuongee habari ya kusikiliza mambo mapya ya elimu, hata yale yasiyo ya kazi yako.

Labda unasema moyoni: "Mimi ni mkulima wa mpunga na karanga. Elimu ya wanganga ni ya wanganga. Mambo yanayochunguzwa mbali, ng'ambo ya bahari, yananihusu nini?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni hili. Kazi yako ni shamba, lakini mtoto unayemlea hakai ndani ya kazi moja. Homa yake inamhusu mtu anayechunguza mbu. Kuhara kwake kunamhusu mtu anayechunguza utumbo. Bukari anayokula inamhusu mtu anayechunguza mihogo. Watu hao hawajuani. Mmoja yuko China, mwingine Kinshasa, mwingine Australia. Anayekutanisha elimu zao zote katika nyumba moja ni nani? Ni wewe mama. Usiposikia habari zao, zinapita njia kuu na hazifiki mlangoni pako.

Na jambo hili si la wamama peke yao. Mimi ni mwalimu katika shule ya wauguzi. Wanafunzi wangu wa leo wanajifunza mambo ambayo hayakuwamo katika vitabu nilivyosomea mimi. Muuguzi aliyefunga vitabu siku ya kupata diploma, dawa zake zinazeeka pamoja naye. Basi sote tumo katika darasa moja.

1. DAWA ILIYOMPONYA MAMA YAKO INAWEZA KUMWACHA MTOTO WAKO

Wengi wenu mnakumbuka vidonge vya Nivaquine. Vilikuwa vichungu sana, na mama alikuwa akikushika pua ili umeze. Mtoto akipata homa, anapewa Nivaquine, anatoka jasho, kesho anacheza. Dawa ile ilisaidia watu wengi kabisa katika nchi yetu.

Lakini leo ukimpa mtoto mwenye malaria dawa ile, unaweza kumpoteza. Mwaka 2001 Kongo iliacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka ile ambayo wengi wanaiita Fansidar. Mwaka 2005 ikabadilisha tena, ikachagua dawa mbili zinazomezwa pamoja, artesunate na amodiaquine. Watu wengine walilalamika: "Wanganga hawa leo wanasema hivi, kesho wanasema vile. Wanatudanganya."

Hapana, mama. Wewe mkulima unaweza kuelewa jambo hili kuliko watu wa mjini. Ukipalilia shamba, magugu dhaifu yanakufa. Yale machache yenye mizizi migumu yanabaki, yanazaa mbegu, na baada ya misimu mingi shamba limejaa magugu magumu peke yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa vijidudu vya malaria. Dawa iliua vilivyo dhaifu, vilivyobaki vikazaa, mwisho dawa ikakosa nguvu. Dawa haikuwa ya uongo. Ugonjwa ndio uliobadilika, na sisi tukapaswa kubadilika pia.

Na dawa mpya ilitoka wapi? Ilitoka China. Mwanamke mmoja aitwaye Tu Youyou, mtaalamu wa dawa, alitafuta katika vitabu vya zamani vya wazee wa kwao. Akaona maneno ya mzee Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Mzee huyo aliandika kwamba jani fulani la homa lilowekwe katika maji na kukamuliwa. Hakusema lichemshwe. Mama Tu akafikiri: labda moto unaharibu nguvu ya jani. Mwaka 1971 akalitoa nguvu zake bila kulichemsha sana, naye akafaulu. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Mnaona? Mtu wa elimu mpya alisoma kitabu cha kale, na kwa njia hiyo watoto wengi sana waliokolewa, hata watoto wa Maniema.

Basi mtoto akiwa na homa, usimpe kidonge kilichobaki sandukuni, wala usinunue sokoni kwa kukumbuka jina la zamani. Mlete siku ile ile achomwe kidole, damu ipimwe. Akipewa dawa ya siku 3, ammalize siku 3, hata kama siku ya pili anaruka na kucheza. Dawa inayokatwa katikati inaacha yale magugu magumu.

Tena sikieni ajabu nyingine. Fansidar haiponyi tena malaria vizuri, lakini mwenye mimba bado anapewa hapa kwenye kipimo, kuanzia mwezi wa 4, ili imkinge yeye na mtoto aliye tumboni. Dawa ni moja, kazi ni nyingine. Kwa hiyo usikatae ukisema, "Hiyo ni ya zamani." Uliza, nasi tutakueleza.

2. WANAWAKE WA KASONGO WALIVYOFUNDISHA WANGANGA WA DUNIA

Sasa nitawaambia jambo ambalo wengi wa Kasongo hawalijui, na ni lao wenyewe.

Zamani wanganga wa nchi nyingi walifundishwa hivi: pima wenye mimba wote, watenge wale wa hatari, kama waliozaa kwa shida zamani, na hao uwapeleke hospitali. Wengine waliozaa vizuri hawana shida, wazae nyumbani bila wasiwasi. Neno hili lilionekana la akili. Hata mama mkwe husema vivyo hivyo: "Huyu alizaa watatu bila kelele, na wa nne atatoka."

Tangu mwaka 1971 mpaka 1975, wanganga waliofanya kazi hapa Kasongo walifuata mimba 3,614. Wanawake hao walikuwa mama zenu na mama wakubwa wenu. Waliandika nani alizaa vizuri na nani mtoto wake alikwama njiani. Kisha wakahesabu.

Waliona kwamba mama aliyewahi kuzaa kwa shida alikuwa na hatari ya mtoto kukwama karibu mara 10 kuliko mwingine. Hilo walilitazamia. Mama wa namna hiyo bado anapaswa kukaa karibu na hospitali mapema, kabla uchungu haujaanza.

Lakini jambo la pili liliwashangaza. Katika kila wanawake 100 ambao mtoto alikwama, 71 hawakuwa na alama yo yote ya zamani. Walikuwa wale wa "atatoka tu." Na katika kila 100 waliohesabiwa kuwa wa hatari, 90 hawakukwamisha mtoto.

Inawezekanaje? Fikiri shamba tena. Kiwanja kidogo kimejaa magugu. Shamba kubwa sana lina gugu moja hapa na moja kule. Ukihesabu, magugu ya shamba kubwa yanaweza kuwa mengi kuliko ya kiwanja kidogo. Wanawake waliozaa vizuri zamani ndio wengi, kwa hiyo hata kama hatari ya kila mmoja ni ndogo, wakiwekwa pamoja shida zao ni nyingi.

Hesabu hiyo ya Kasongo ilisomwa mbali. Mwaka 1987 mataifa yalikutana Nairobi kuongea juu ya wamama wanaokufa kwa uzazi, na katika miaka iliyofuata wataalamu walitaja Kasongo walipokuwa wakisema: tusitegemee kubahatisha nani atapata shida, kila mwenye mimba ajiweke tayari. Yaani wanawake wa hapa, waliobeba mimba zao wakienda mtoni na shambani, walibadilisha mafundisho ya wanganga wa nchi nyingine. Je, si vibaya kama dunia imejifunza kutoka Kasongo, na Kasongo yenyewe haijasikia?

Basi tufanye hivi. Kila mama mwenye mimba, awe wa kwanza au wa nane, azungumze na mumewe kabla ya mwezi wa 8:

Mahali nitakapozaa ni wapi?
Nani atanipeleka, kwa pikipiki au kwa kipoyi, na usiku tutamwita namna gani?
Fedha ya safari imewekwa wapi?
Nani atabaki na watoto?
Nani atakubali kutoa damu kama inahitajiwa?

Ninyi wa vijiji vya Kabambare, mnajua njia wakati wa mvua. Mtu hawezi kutengeneza daraja wakati uchungu umeanza. Anayekaa mbali aje karibu mapema, kwa ndugu. Tena uchungu ukipita saa 12 na mtoto hajatoka, msingoje. Damu ikitoka nyingi, kichwa kikiuma sana na macho kuona giza, au mwili ukishikwa na kutetemeka kwa nguvu, msingoje hata saa moja. Mzee wa nyumba akisema, "Tungoje kidogo, alizaa wengine vizuri," mjibuni kwa heshima: "Mzee, Kasongo ilihesabu. Katika kila 100 ambao mtoto alikwama, 71 hawakuwa na alama ya shida ya zamani."

Na hesabu ya vipimo imebadilika pia. Kwa miaka mingi ilisemwa mama apimwe mara 4. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mara 8. Basi akikuambia urudi mara nyingi kuliko ulivyorudi kwa mtoto wa kwanza, muuguzi hakusumbui bure.

3. SUKARI NA CHUMVI: HABARI ILIYOTOKA KWA WASIOJUA KUHARA

Mtoto anayehara anakufa kwa kukauka. Maji na chumvi vinamtoka kuliko anavyorudishiwa. Zamani dawa ya kweli ilikuwa maji ya mshipa, kwa sindano na chupa, na chupa hazikutosha.

Mwaka 1960 mtaalamu wa kemia aitwaye Robert Crane alieleza jinsi ukuta wa utumbo unavyofanya kazi. Hakuwa anatibu watoto. Alitaka tu kujua sukari inaingiaje mwilini. Akaonyesha kwamba sukari na chumvi huingia pamoja, kama watu wawili wanaopita mlango mmoja wakishikana mikono. Na zikiingia, maji yanafuata.

Wengine, waliotibu kipindupindu, wakasikia habari hiyo. Mwaka 1971 ikatokea vita ya Bangladesh, na wakimbizi wakajaa India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kilishika watu, na maji ya mshipa yakaisha. Munganga Dilip Mahalanabis akachanganya sukari na chumvi katika maji safi, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe kwa kikombe. Kabla ya hapo, katika wagonjwa 100 karibu 30 walikufa. Kwa maji yale, waliokufa walikuwa chini ya 4. Na walionywesha walikuwa mama na dada na shangazi, si wanganga.

Angalieni vizuri. Kama wale wa kutibu kuhara wangesema, "Sukari ndani ya utumbo si kazi yetu," paketi ya maji ya chumvi mnayopewa hapa haingekuwapo.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 2004 mashirika ya afya na ya watoto yalishauri paketi yenye chumvi kidogo kuliko ya kwanza, pamoja na vidonge vya zinki kila siku kwa siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha. Zinki inafupisha kuhara, na inalinda mtoto asirudiwe upesi. Kwa hiyo ukipewa paketi, uliza: "Na zinki iko?"

Kama paketi haipo na njia ni mbali, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi, inadhuru. Mpe mtoto kidogo kidogo kila mara, mnyonyeshe kama kawaida, wala usimnyime chakula. Akikataa kunywa, akilegea, macho yakiingia ndani, au kukiwa na damu katika choo, mlete mbio.

4. BUKARI NA MIGUU YA MTOTO

Mihogo tunaijua. Mama alitufundisha kuloweka, kuanika, kutwanga, kuchunga. Labda unafikiri hapa hakuna mtu wa kutuongezea neno. Lakini sikieni.

Katika nchi ya Kwango, magharibi ya Kongo yetu, kuna ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo ni la Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Munganga Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtoto analala mzima, au mama anakwenda shambani mzima, na mara moja miguu inakauka nguvu. Haiponi tena. Unashika hasa watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Wachunguzi waliona kwamba unawapata watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, tena bila mboga za nguvu kama maharagwe, samaki au nyama. Mihogo michungu ina sumu, na kuloweka ndiko kunakoitoa. Wakati wa njaa, au watu wanapokimbia vita, au wachuuzi wanapotaka kuuza haraka, siku za kuloweka zinafupishwa. Sisi wa Kasongo na Kabambare tunajua kukimbia ni nini, na tunajua kupika haraka mahali pa wageni. Ndiyo maana habari ya Kwango inatufaa, ingawa ni mbali. Munganga wetu Mkongo, Désiré Tshala-Katumbay, pamoja na wenzake, wameonyesha pia kwamba mtoto wa nyumba hizo anaweza kutembea vizuri, lakini akili yake ya kujifunza imepungua.

Msaada mmoja ulitoka kwa mtaalamu wa kemia wa Australia, Howard Bradbury, nchi ambayo watu wake hawali bukari. Unafanywa hivi. Tia unga wa mihogo katika chombo, weka alama mahali unga ulipofika. Tia maji ukikoroga. Kwanza unga utashuka. Ongeza maji mpaka upande tena kwenye ile alama. Utandaze juu ya mkeka safi, wembamba, usipite unene wa kidole. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Kisha songa bukari siku hiyo hiyo. Katika kijiji cha Kay Kalenda, eneo la Popokabaka, wamama walianza kufanya hivyo mwaka 2010, na wakati wa kazi ile hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo.

Lakini la kwanza ni kuloweka vizuri, siku 3 au 4 kama mama zetu walivyofanya. Hapo elimu mpya haikuja kutukana ya wazee. Imekuja kueleza kwa nini wazee walikuwa na haki, na kutusaidia siku ambazo hatukuweza kufanya kama wao.

5. SI KILA JIPYA NI LA KWELI

Sasa mtu ataniuliza: "Mama muuguzi, habari mpya ni nyingi. Simu inasema, jirani anasema, mchuuzi wa dawa anasema. Nitajuaje?"

Nitawapa mifano miwili ya huku kwetu Maniema.

Wa kwanza ni wa surua. Kuanzia mwaka 1974 watoto wa Kasongo walichanjwa surua, na wanganga wakalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa. Mwaka 1981 waliandika matokeo katika The Lancet, gazeti la wanganga la Uingereza. Walisema chanjo inaokoa, lakini wakauliza swali gumu: je, mtoto dhaifu aliyeokolewa na surua hafi baadaye kwa ugonjwa mwingine? Swali hilo lilizunguka dunia. Watu hawakutukanana wala kuficha hesabu. Mwaka 1995 wachunguzi wengine wakazichukua hesabu za Kasongo, wakaziweka pamoja na za nchi nyingine, wakaona waliochanjwa walikufa kidogo, hata kupita ilivyotazamiwa kwa surua peke yake. Chanjo ikasimama. Na tuliona wenyewe gharama ya kuiacha: mwaka 2019 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wadogo.

Wa pili ni wa chai ya artemisia, lile jani la China. Mwaka 2019 gazeti moja la elimu lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika Maniema, uliosema kwamba chai ya jani hilo inashinda vidonge vya malaria. Watu wengi walifurahi. Lakini wataalamu walipouangalia kwa karibu waliona mashaka, na baadaye gazeti lile lile likauondoa. Shirika la Afya Ulimwenguni halishauri chai hiyo kuwa dawa ya malaria, sababu nguvu yake haipimiki kikombe kwa kikombe. Jani ni la kweli, dawa iliyotolewa ndani yake ni ya kweli, lakini chai si kidonge.

Mmeona tofauti? Yote mawili yalitoka Maniema, yote mawili yaliandikwa katika gazeti la wenye elimu. Moja lilihesabiwa tena likasimama. Jingine lilihesabiwa tena likaanguka. Basi ukisikia jambo jipya, uliza maswali 4:

Nani anasema, naye anauza kitu?
Walihesabu watu wangapi? Mtoto mmoja wa jirani aliyepona si hesabu.
Walilinganisha na nani? Wengine hupona hata bila dawa.
Je, wengine walirudia wakaona vivyo hivyo?

Huwezi kujibu yote peke yako. Lakini unaweza kutuuliza sisi, na sisi tunapaswa kujibu. Muuguzi anayekasirika kwa sababu mama ameuliza, amesahau kazi yake.

6. MAMA ATAFANYAJE?

Huhitaji vitabu vingi. Fanya mambo haya.

Kila siku ya kupima, kabla ya kwenda, uliza neno moja: "Tangu mtoto wangu wa mwisho, kimebadilika nini?" Neno hili ni dogo lakini lina nguvu. Chanjo zinaongezwa. Kwa mfano, chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kongo mwaka 2024, katika jimbo la Kongo Central. Uliza kama imefika kwenu, na ni kwa watoto wa umri gani. Surua nayo inahitaji dozi 2: ya kwanza ni miezi 9, na ya pili tutakuandikia tarehe.

Tunza karatasi ya mtoto mahali pakavu. Bila karatasi hatujui amefika wapi.

Sikilizeni radio pamoja, kisha zungumzeni. Likiwapo jambo la afya au la mashamba, mtu mmoja alilete hapa kwa swali.

Waulizeni watoto wa shule wamejifunza nini. Msichana wa darasa la sita anaweza kuleta nyumbani neno ambalo mama yake hakufundishwa. Usimwambie, "Nyamaza, wewe ni mtoto." Na wewe mwenyewe usimtoe shule upesi.

Mkutanapo kisimani, sokoni, au katika kikundi cha wamama, pelekeni neno la kweli moja. Uvumi una miguu mingi. Neno la kweli linahitaji miguu yenu.

Tena mheshimuni mama mkwe. Usirudi nyumbani ukimwambia, "Mambo yenu ni ya ujinga." Mwambie, "Mama, njoo nami siku ya kupima, usikie mwenyewe." Wengi wanakuja, na wakielewa wanakuwa walimu kutupita sisi.

KUMBUKENI

Homa: ipimwe damu siku ile ile, dawa imalizwe.
Uzazi: kila mwenye mimba ajiandae, hata aliyezaa vizuri mara nyingi.
Kuhara: maji ya sukari na chumvi, zinki, na kunyonyesha.
Mihogo: kuloweka siku za kutosha, na mboga pamoja na bukari.
Habari mpya: uliza nani, wangapi, kulinganisha na nani, na kama imerudiwa.

Wamama, mimba 3,614 za wanawake wa hapa zilihesabiwa, na dunia ikajifunza. Elimu hii ilitoka kwao, na ninyi ndio warithi wake. Chukueni kilicho chenu, mkakitumie. Mwenye swali asione haya, na asimame sasa.